Old Course ya St Andrews, Shimo kwa Shimo: Mwongozo Kamili kwa Mchezaji wa Afrika Mashariki

Viwanja vingi vya gofu humwonyesha mchezaji hatari zake akiwa bado kwenye tii, mahali pa kuanzia kupiga. Old Course ya St Andrews, katika eneo la Fife nchini Uskoti, huzificha. Ni uwanja wa kiwango cha mikwaju 72, yaani idadi inayotarajiwa kwa mchezaji bora, na katika mashindano ya The Open, ubingwa mkuu wa gofu wa Uingereza, ya mwaka 2022 urefu wake ulikuwa yadi 7,313, kipimo ambacho hakiwatishi wachezaji wa kulipwa wa siku hizi. Hauna maziwa, na hakuna miti ya kuuzuia mpira. Una zaidi ya mabanka 100, yaani vishimo vya mchanga, mengi yasiyoonekana kutoka pale unapopigia, una ardhi ya matuta na vibonde inayoupeleka mpira kusikotarajiwa, na una upepo wa bahari unaoweza kugeuka kabla hujamaliza mashimo tisa.

Kanuni ya kuucheza ni moja, nayo itajirudia katika mwongozo huu wote: anza kulisoma kila shimo kutoka kwenye bendera, kisha urudi nyuma hadi kwenye tii. Karibu kila shimo lina upande wa kushoto ulio mpana na salama, na upande wa kulia ulio finyu, wenye vichaka vya miiba wakati wa kwenda na mpaka wa uwanja wakati wa kurudi. Mara nyingi anayethubutu kupita kulia ndiye anayefunguliwa grini, yaani uwanda wa nyasi fupi wenye bendera, huku aliyekimbilia kushoto akijikuta na banka au kituta kati yake na bendera. Kwa hiyo kabla ya kila mkwaju wa kwanza, swali la kujiuliza ni hili: leo bendera ikiwa pale ilipo, nikubali kwenda kulia kiasi gani?

Maelezo yanayofuata yanamlenga mchezaji anayetumia mkono wa kulia na mwenye handikapu (kipimo rasmi cha uwezo wa mchezaji) ya wastani. Umbali ninaoutaja ni wa takriban, kutoka tii za mashindano; mgeni huanzia mbele zaidi, ila mpangilio wa hatari ni uleule. Mtazamaji wa runinga naye anaweza kuutumia, kwa kuwa The Open imepangwa kurudi hapa Julai 2027.

Maandalizi kabla ya kufika kwenye tii

Kwanza, tafuta nafasi. Old Course si mali ya klabu, ingawa jengo maarufu la klabu ya Royal and Ancient limesimama nyuma ya tii ya kwanza. Haki ya wenyeji kuitumia ardhi hiyo ilithibitishwa kwa hati ya Askofu Mkuu John Hamilton mwaka 1552, na tangu sheria ya Bunge ya mwaka 1974 viwanja vinasimamiwa na St Andrews Links Trust kwa niaba ya umma. Mgeni anaweza kuomba nafasi miezi mingi kabla, au kuingia katika kura ya kila siku ambayo huchezeshwa siku mbili kabla ya siku ya mchezo. Beba hati rasmi ya handikapu kutoka chama cha gofu cha nchi yako, kwa sababu utaulizwa. Zoeza miguu pia: magari ya gofu hayaruhusiwi ila kwa mwenye sababu za kiafya.

Pili, fika Jumapili ikiwezekana. Siku hiyo uwanja hufungwa kwa mchezo, isipokuwa wakati wa mashindano makubwa, na hugeuka bustani ya watu wa mji, ambao hutembea humo na watoto na mbwa wao. Ushauri wangu ni kuutembea kinyume, kuanzia grini ya 18 kurudi hadi ya 1. Kwa muda mrefu wa historia yake uwanja huu ulichezwa kwa kuzunguka upande wa mishale ya saa, kinyume cha unavyochezwa leo, na baadhi ya mabanka yake yalikaa pale kwa ajili ya mchezo wa namna hiyo. Ndiyo sababu ukiyaangalia kutoka tii za leo huyaoni, ilhali ukitembea kinyume yanakukodolea macho. Msanifu Alister MacKenzie alichora ramani ya uwanja huu mwaka 1924, na nakala zake zinapatikana kwa urahisi. Ni vizuri kuwa nayo mkononi siku hiyo.

Tatu, sahihisha umbali wako. Mchezaji aliyezoea Muthaiga au Karen hupiga mpira katika mwinuko wa takriban mita 1,700, ambako hewa ni nyepesi na mpira husafiri mbali zaidi. St Andrews iko usawa wa bahari, na baridi yake hupunguza zaidi. Fimbo inayokupa yadi 150 Nairobi ihesabu kuwa ya yadi 140 hapa, kabla hata hujauweka upepo kwenye hesabu. Aliyekulia gofu Mombasa au Vipingo hana marekebisho makubwa ya kufanya katika jambo hili, na upepo wa bahari haumshangazi.

Nne, jifunze kutumia ardhi. Nyasi za kikuyu tulizozizoea nyumbani huushika mpira, ndiyo maana tunapenda kuurusha juu hadi kwenye grini. Hapa nyasi ni fupi, nyembamba na ngumu, na mpira uliotua yadi 30 kabla ya grini unaweza kubingirika hadi mwisho wake. Kuitumia fimbo ya kusukumia kutoka yadi 20 au 30 nje ya grini si uoga. Mara nyingi ndilo chaguo bora. Fanya pia mazoezi ya misukumo mirefu sana, kwa sababu grini saba za hapa hutumiwa na mashimo mawili kila moja, na unaweza kujikuta umefika kwenye grini yako huku bendera iko hatua 40 mbele. Namba za mashimo yanayoshirikiana daima hufanya jumla ya 18: la 2 na la 16, la 3 na la 15, hivyo hivyo hadi la 8 na la 10. Katika grini hizo, bendera nyeupe ni za mashimo ya kwenda na nyekundu ni za mashimo ya kurudi. Mgeni aliyelenga rangi isiyo yake ni kichekesho kisichozeeka kwa makedi, yaani wabebaji wa mifuko ya fimbo.

Mwisho, heshimu mabanka. Kuta zake zimejengwa kwa matabaka ya udongo wenye nyasi yaliyopangwa moja juu ya jingine, na mengi ni madogo na yenye kina. Ukiingia, usiangalie bendera kwanza. Tafuta upande ulio mfupi zaidi wa kutokea, hata kama ni wa nyuma, toka kwa mkwaju mmoja, kisha endelea. Tiger Woods alishinda The Open hapa mwaka 2000 kwa mikwaju 19 chini ya kiwango bila kuingia bankani hata mara moja katika mashimo yote 72.

Kodi kedi kama fedha zinaruhusu. Mashimo kadhaa hayana alama yoyote mbele yako isipokuwa mnara wa kanisa kwa mbali, na kedi ndiye anayejua ni mnara upi.

Mashimo ya kwenda: la 1 hadi la 6

Shimo la 1, linaloitwa Burn, lina yadi kama 376 na kiwango cha 4. Feawei yake, yaani njia ya nyasi fupi kutoka tii hadi grini, imeungana na ya shimo la 18, hivyo upana wake unakaribia yadi 130, wala hakuna banka. Hata hivyo mpaka uko pande zote mbili, na Ian Baker-Finch, bingwa wa The Open wa mwaka 1991, aliwahi kuupeleka mpira wake nje ya mpaka wa kushoto, ng'ambo kabisa ya feawei ya 18, katika mashindano ya 1995. Acha draiva, fimbo ya kupigia mbali zaidi, mfukoni. Piga katikati, ukielekea kushoto kidogo, kiasi cha kukubakishia mkwaju kamili. Hatari ya kweli ni kijito cha Swilcan, ambacho kimekumbatia mdomo wa grini, na wanaoingia humo ni wale waliochagua fimbo inayotosha kwa shida. Chukua fimbo moja kubwa zaidi ya unayoitaka na ukubali kuwa nyuma ya bendera.

Shimo la 2, Dyke, lina yadi zinazozidi 450, na ndipo uwanja unapoanza kujionyesha. Kulia kuna vichaka vya miiba, kushoto kuna banka la Cheape's, ambalo utalikuta tena ukiwa unarudi kwenye shimo la 17. Lenga kati ya viwili hivyo. Mbele ya grini kuna matuta yanayotupa mpira ovyo, kwa hiyo ukiwa mbali usijaribu kutua kwenye ukingo wa mbele. Ama tua mapema mpira upande taratibu, ama uruke hadi katikati.

La 3, Cartgate, ni fupi, takriban yadi 398, na huadhibu uvivu wa kufikiri. Banka kubwa la Cartgate limekaa kushoto mwa grini, na grini yenyewe inateremkia nyuma. Aliyepiga kushoto kwa usalama lazima apite juu ya banka, na mpira wake hautasimama. Aliyekaribia vibanka vya kulia ana njia wazi. Kwa handikapu ya wastani naona inafaa kuthubutu hapa, kwa sababu vibanka hivyo ni vichache na ukivikosa zawadi ni kubwa.

Shimo la 4 limepewa jina la Ginger Beer kwa kumbukumbu ya kinywaji cha tangawizi kilichokuwa kikiuzwa hapo zamani. Ni yadi 480 za kiwango cha 4, na kwa wengi wetu hiyo ni 5 iliyojificha. Bonde finyu la kulia ndiyo njia ya mkato, lakini sioni sababu ya mchezaji wa kawaida kuifuata. Pita kushoto, juu ya uwanda unaoungana na feawei ya 15, huku ukijihadhari na banka la Students'. Kisha uje kwenye grini kwa mkwaju wa tatu, ukikumbuka kituta kilichosimama mbele yake. Atakayeandika 5 hapa hajapoteza kitu.

La 5, Hole o'Cross, ni moja ya mashimo mawili tu ya kiwango cha 5. Kundi la mabanka saba liko kulia, pale mkwaju wa kwanza unapoangukia, basi nenda kushoto bila kusita. Mkwaju wa pili uamue kwa kuangalia ukingo wenye mabanka mawili yanayoitwa Spectacles, yaliyo kama yadi 60 kabla ya grini: ama uyapite kabisa, ama ubaki nyuma yake kwa nafasi ya kutosha. Kati ya ukingo huo na grini kuna bonde linalomeza mipira iliyokadiriwa kwa jicho tu, na grini ina kina cha karibu yadi 100. Uliza umbali wa bendera, usiukisie.

La 6, Heathery, huanza kwa mkwaju wa kupiga bila kuona lengo, juu ya vichaka. Mabanka ya Coffins, yaani majeneza, yanasubiri kushoto. Fuata mstari wa kedi, na kwa mkwaju wa pili uache mpira ubingirike kupitia kibonde kilicho mbele ya grini.

Kitanzi: la 7 hadi la 11

Sehemu hii ndipo kadi hukombolewa, kwani mashimo yake ni mafupi, yanajipinda kwenye ncha ya uwanja karibu na mdomo wa mto Eden, na la 7 linakatana na la 11. Tazama pande zote kabla ya kupiga.

La 7, High, lina banka la Shell mbele ya grini, kubwa kuliko mengi ya hapa. Mkwaju wa pili lazima ulipite, basi chukua fimbo ya ziada. La 8, Short, ni kiwango cha 3 kisicho na hila nyingi isipokuwa banka moja la mbele: likiwa limesimama kati yako na bendera, pita juu kwa nafasi na usukume mara mbili. La 9, End, ni tambarare hadi kwenye grini, na mabanka ya Boase's na End Hole yako katikati kabisa ya feawei, hivyo mpira mzuri wa moja kwa moja ndio unaoadhibiwa. Hapo ndipo Tony Jacklin alipoingiza mkwaju wake wa pili katika raundi ya kwanza ya mwaka 1970 na kumaliza mashimo tisa kwa mikwaju 29, kabla dhoruba haijasimamisha mchezo. La 10 lina jina la Bobby Jones, na grini yake inateremkia nyuma; tua kabla yake.

Shimo la 11 linahitaji subira zaidi. Ni kiwango cha 3 cha yadi kama 174, na grini yake imeinamia upande wako kwa mteremko mkali kiasi kwamba, upepo ukiwa mkali, mpira uliosimama unaweza kuanza kusogea. Kushoto kuna banka la Hill, lenye kina kirefu. Mbele, kulia, kuna banka la Strath. Nyuma ardhi inashuka kuelekea mdomo wa mto. Mwaka 1921 kijana Bobby Jones aliingia Hill katika raundi ya tatu, akashindwa kutoka kwa heshima, akajiondoa kwenye mashindano. Alirudi akashinda The Open papa hapa mwaka 1927 na ubingwa wa wachezaji wa ridhaa wa Uingereza mwaka 1930, na mwaka 1958 mji ukampa heshima ya kuwa raia wake.

Hatua za kulicheza ni hizi. Amua kwanza upepo unatoka wapi kwa kutazama nyasi za kwenye grini, kwa kuwa pale ulipo unaweza kuwa umekingwa. Pili, isahau bendera iliyo nyuma ya Strath. Hiyo ni ya wanaotafuta kombe. Lenga sehemu ya mbele ya grini iliyo kati ya mabanka mawili, na ukikosea, kosea kwa kuwa mfupi. Mpira ulio chini ya shimo, hata nje ya grini, husukumwa kwa urahisi kupanda. Mpira ulio juu ya shimo ni tatizo lisilo na suluhisho zuri, kwa sababu msukumo mwepesi kabisa unaweza kukurudisha hadi kwenye banka uliloliepuka.

Njia ya kurudi: la 12 hadi la 16

La 12 ndilo mfano bora wa mabanka ya kinyume. Kutoka kwenye tii unaona nyasi safi kwa yadi 351, na hakuna kinachokuzuia kutumia draiva. Katikati ya nyasi hizo yamezama mabanka yasiyoonekana, moja likiitwa Admiral's na jingine Stroke. Kama uliutembea uwanja Jumapili, sasa unajua yaliko. Kama hukutembea, piga kwa chuma, fimbo ya umbali mfupi kuliko draiva, ubaki nyuma yake. Grini ina ukanda mwembamba ulioinuka, na bendera huwekwa huko karibu kila mara. Kuufikia kwa weji, fimbo ya kuurusha mpira juu, kunahitaji usahihi mkubwa, ilhali kubingirisha kutoka mbele kunasamehe zaidi.

La 13 lina yadi 465 na yale majeneza tena, safari hii yakiwa kwenye njia yako ya moja kwa moja. Wenye nguvu hupita kulia kwake. Sisi wengine tunapita kushoto kwenye feawei ya 6, tukikubali kuwa grini itaonekana nusu tu nyuma ya ardhi iliyovunjikavunjika. Panga kufika kwa mikwaju mitatu na usione haya.

Shimo la 14, Long, lilikuwa na zaidi ya yadi 610 katika mashindano ya 2022, na linachezwa kwa hatua tatu ambazo kila moja ina mtego wake. Katika hatua ya kwanza kuna ukuta wa mpaka kulia na mabanka manne ya Beardies kushoto. Kati yake kuna uwanda laini uitwao Elysian Fields. Lenga humo, na upepo ukitoka kushoto elekea Beardies zaidi ya moyo wako unavyopenda, kwa maana banka lina njia ya kutokea, mpaka hauna. Hatua ya pili ndiyo yenye uamuzi. Kama yadi 100 kabla ya grini kuna Hell, banka pana lenye ukuta mrefu, ambamo Jack Nicklaus mwaka 1995 alihitaji mikwaju minne kutoka, akaandika 10. Mchezaji wa kawaida aliye umbali wa kulifikia asijaribu kulipita. Geukia kushoto hadi kwenye feawei ya 5, ambako ni salama na ambako pembe ya kuingilia pia ni nzuri. Hatua ya tatu: ukingo wa mbele wa grini umeinuka ghafla, kisha grini inateremkia nyuma. Mpira uliorushwa juu utatua na kukimbia; mpira uliopigwa chini, ukapanda ukingo kwa kubingirika, utabaki.

La 15 ni la kupumzika kidogo. Lenga kati ya vilima viwili vya mviringo ambavyo kedi atakutajia jina lake kwa tabasamu, jiepushe na banka la Cottage upande wa kushoto, na kumbuka kuwa grini iko mbali kuliko inavyoonekana. Humo njiani kuna banka la Sutherland, ambalo katika karne ya 19 liliwahi kufukiwa kwa uamuzi wa kamati. Siku chache baadaye wachezaji walioudhika walilifukua.

La 16, Corner of the Dyke, linaweka biashara ya uwanja huu waziwazi. Katikati ya feawei kuna mabanka matatu yaliyokusanyika, Principal's Nose, na kulia kwake uchochoro mwembamba kabla ya mpaka, pale ilipopita reli zamani. Kushoto ni kupana. Ukipita uchochoro, grini iko wazi mbele yako. Ukienda kushoto, mabanka ya Grant's na Wig yanasimama katikati. Mimi ningependekeza kushoto bila mjadala, kwa sababu kupita juu ya Wig na kukosea kunagharimu mkwaju mmoja, ilhali kutoka nje ya mpaka kunagharimu viwili na mishipa ya fahamu kwa ajili ya shimo linalofuata.

Shimo la 17, Road

Wachezaji wengi huliona kuwa shimo gumu kuliko yote ya kiwango cha 4 duniani, na tangu mwaka 2010 limekuwa na yadi 495 katika mashindano. Mkwaju wa kwanza unapita juu ya vibanda vilivyo kwenye uwanja wa hoteli, vilivyojengwa kwa mfano wa vibanda vya reli vilivyokuwapo hapo. Kwenye ukuta wake pameandikwa jina la hoteli, na kedi atakutajia herufi ya kulenga kulingana na upepo na nguvu zako. Herufi za kulia zaidi ni za wajasiri. Mwenye mashaka apite kushoto kwa vibanda, akikubali kuwa grini itakuwa mbali na nyasi zitakuwa ndefu.

Sasa mkwaju wa pili. Grini ni nyembamba, imekaa mshazari, na imeinuka. Banka la Road limechimbwa ubavuni mwake, kushoto, na ardhi inayolizunguka imeinamia ndani yake, kiasi kwamba mdomo wake ni mpana kuliko unavyodhani. Nyuma ya grini kuna barabara, kisha ukuta wa mawe. Barabara hiyo ni sehemu ya uwanja: mpira uliotua juu yake unachezwa ulipo, bila nafuu.

Mwaka 1978 Tommy Nakajima wa Japani alifika kwenye grini kwa mikwaju miwili, akausukuma mpira kuelekea bendera, ukapinda ukaingia bankani, na alipomaliza aliandika 9. Mwaka 1984 Tom Watson, akitafuta ushindi wake wa sita, alipiga chuma namba 2 kikapita grini hadi karibu na ukuta, akapoteza mkwaju, huku Seve Ballesteros akipata 3 kwenye shimo la 18 mbele yake. Banka na ukuta vina njaa ileile, na anayekimbia kimoja huangukia kingine. Stacy Lewis alipiga chuma namba 5 hadi karibu kabisa na shimo mwaka 2013 akaelekea kushinda The Open ya wanawake, lakini hiyo ni kazi ya mtu aliyekuwa miongoni mwa walio bora duniani.

Mpango wa mchezaji wa wastani uwe huu. Mkwaju wa pili uishie mbele ya grini, upande wa kulia, ukiwa mfupi kwa makusudi. Kutoka hapo grini inafunguka kwa urefu wake wote na banka liko kushoto kwako, si mbele yako. Mkwaju wa tatu uwe wa fimbo ya kusukumia, uupandishe mpira hadi kwenye uwanda wa juu na usihesabu kama ni mita tano au nane kutoka kwenye bendera. Ukishuka kwa 5, endelea kwa furaha. Ukiingiza msukumo wa kwanza, una 4 ambayo wengi waliocheza The Open hawakuipata. Cameron Smith, katika raundi ya mwisho ya 2022, alijikuta banka limesimama kati yake na bendera. Badala ya kurusha mpira juu yake alichukua fimbo ya kusukumia, akauzungusha mpira kando ya ukingo wa banka, akaingiza msukumo uliofuata, na akashinda ubingwa kwa tofauti ya mkwaju mmoja.

Ukiingia bankani licha ya yote, rudi kwenye kanuni ya mwanzo: tafuta njia fupi, hata ya kurudi nyuma.

Shimo la 18, Tom Morris

Limepewa jina la Tom Morris mkubwa, aliyezaliwa mwaka 1821 na kufariki mwaka 1908, ambaye alikuwa mtunzaji wa uwanja na ndiye aliyeijenga grini hii. Baada ya Road, yadi 357 zisizo na banka huonekana kama msamaha. Vuka daraja la mawe la Swilcan, piga picha yako haraka kwa sababu kuna kundi nyuma, na ukiwa kwenye tii uwe ulilenga saa iliyo kwenye jengo la Royal and Ancient, au kushoto kwake. Kulia kuna uzio, barabara na maduka, na mpira uliopotelea huko uko nje ya mpaka. Ukitua kwenye kijia cha Granny Clark's Wynd, kinachokatiza feawei, ucheze mpira ulipo.

Kinachobaki ni Valley of Sin, kibonde kilicho mbele ya grini, upande wa kushoto. Mkwaju wa pili ulio mfupi kidogo huteremkia humo. Mkwaju mrefu kupita kiasi nao hukuacha juu ya shimo, kwenye grini inayoinamia mbele: Doug Sanders alikuwa huko mwaka 1970 akihitaji 4 tu ili ashinde, akausukuma mpira ukabaki kama futi tatu, akakosa, na siku iliyofuata Nicklaus akamshinda katika raundi ya marudiano. Basi pima umbali hadi katikati ya grini, si hadi kwenye bendera, na uvuke kibonde kwa hewa kama unaudhibiti mpira wako vizuri, au uubingirishe kwa nguvu kupitia upande wa kulia kama huna hakika. Na ukiangukia kibondeni, usiguse weji. Costantino Rocca alitumia fimbo ya kusukumia kutoka humo mwaka 1995, mpira ukapanda ukingo na kuingia shimoni, akamlazimisha John Daly kucheza mashimo ya ziada, ingawa Daly ndiye aliyeondoka na kombe.